Alipwe kwa Kazi, Si kwa Kitambulisho

Kambini Kakuma, kaunti ya Turkana, walimu wawili huingia darasa lilelile siku ileile. Mmoja ni Mkenya, mwingine ni mkimbizi. Wanafunzi ni walewale, wamebanana kwenye madawati yaleyale, na mtihani unaowasubiri ni mmoja, ule wa taifa la Kenya. Mwisho wa mwezi Mkenya anapokea mshahara. Mkimbizi anapokea posho, shilingi elfu chache zisizokaribia hata nusu ya alichopata mwenzake.

Ofisini posho hii huitwa motisha. Utaratibu huu una miaka mingi na haukutungwa kwa siri. Mashirika yanayoendesha shule, zahanati na huduma nyingine za kambi hukubaliana viwango ili moja lisilipokonye jingine watu kwa kulipa zaidi. Wala mwalimu hayuko peke yake. Mkalimani anayekaa kati ya daktari na mgonjwa, mhudumu wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba kupima mikono ya watoto ili ajue nani ana utapiamlo, mlinzi wa getini, wote wamo katika orodha hiyohiyo ya posho. Tunasema bila kuzunguka: ni kosa, na likome.

Kosa hili limezaa jingine, nalo linatusumbua zaidi kwa sababu watu wengi wema hawalioni. Mwalimu yule akiona posho haimlishi yeye na watoto wake, huiacha chaki. Atafungua kibanda cha kuchaji simu, au atatafuta jokofu kuukuu auze maji baridi na soda. Wageni wakizuru kambi hupelekwa kibandani. Huambiwa kwamba wakimbizi wana biashara damuni na kwamba wakipewa nafasi kidogo watajitegemea. Kibanda kinapigwa picha. Hakuna anayeuliza lile darasa limebaki na nani.

Biashara hatuna neno nayo. Ni kazi halali na imewainua wengi. Mwaka 2018 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti juu ya soko la Kakuma. Uchumi wa kambi na mji wake ulikadiriwa kuwa na thamani ya shilingi bilioni 6.2 kwa mwaka, na ndani ya kambi kulikuwa na biashara zaidi ya 2,000. Kambi iliyoanza mwaka 1992 kwa vijana waliokuja kwa miguu kutoka Sudan, katika nchi kame ambako mvua ni ya kubahatisha, imepata maduka ya jumla, mikahawa ya Kihabeshi, mafundi simu na vinyozi. Anayedhani wakimbizi ni watu wa kukaa kusubiri mgao akaone mwenyewe.

Lakini takwimu hizo zimesomwa vibaya. Idadi ya vibanda inaonyesha kwamba watu wanahangaika. Haionyeshi kwamba wamechagua. Mtu anayefungua duka huku amekataa kazi ya mshahara amechagua. Anayefungua duka kwa sababu kazi yake inalipwa theluthi au robo ya thamani yake, au kwa sababu haruhusiwi kabisa kuajiriwa, amesukumwa. Kwa mbali maduka yao yanafanana, na serikali inayotaka kusifiwa haitakuwa na haraka ya kuyatofautisha.

Hoja ya kutetea posho tumeisikia. Inasemwa mkimbizi hana kibali cha kazi, hivyo kisheria haajiriwi, anajitolea tu. Inasemwa pia kwamba anapewa chakula na mahali pa kulala bure, hivyo hahitaji mshahara kamili. Hoja ya kwanza inajikanyaga yenyewe: kibali hana kwa sababu hapewi, kisha kutopewa kunageuzwa sababu ya kumpunja. Ya pili huenda ilikuwa na uzito zamani. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipunguzwa vibaya baada ya wafadhili kukata fedha, na familia zikapangwa katika makundi kwa kipimo cha uhitaji. Baadhi ziliambiwa kwamba zinaweza kujitegemea. Sasa mtu huyuhuyu anapunjwa ujira kwa sababu anapewa chakula, na anapunguziwa chakula kwa sababu ana njia ya kipato. Mashirika na serikali hayawezi kushika yote mawili kwa mkono mmoja.

Pengo la mapato kati ya mgeni na mwenyeji limechunguzwa sana duniani, na utafiti mmoja wa karibuni unafaa kusomwa hapa kwetu. Julai 2025 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa mapato ya watu milioni 13.5 katika nchi tisa za Ulaya na Amerika Kaskazini, zikiwemo Hispania, Ujerumani, Kanada na Marekani. Wahamiaji walipata wastani wa asilimia 17.9 chini ya wazawa. Watafiti wakauliza pengo hilo linatoka wapi. Je, mwajiri humlipa mgeni kidogo kuliko mzawa anayefanya naye kazi ileile? Hutokea, lakini hilo ni kama robo tu ya pengo. Robo tatu zinatokana na jambo jingine: wahamiaji hawafiki kwenye kampuni na nafasi zinazolipa vizuri. Mlango umefungwa kabla hata suala la mshahara halijafika mezani.

Kwetu yapo yote mawili. Mlango umefungwa, na lile la robo, la watu wawili kulipwa tofauti kwa kazi moja, nchi nyingi hulipiga marufuku angalau kwenye karatasi. Sisi tumeliwekea jedwali la viwango.

Mtu anaweza kutujibu kwa ripoti ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, ya mwaka 2020. Ripoti hiyo ilikuta kwamba katika nchi tajiri wahamiaji hulipwa karibu asilimia 13 chini ya wenyeji kwa saa, lakini katika nchi za kipato cha chini na cha kati mambo hugeuka: wahamiaji hupata karibu asilimia 17 zaidi. Ukiishia hapo utaamini kwamba mgeni wa Nairobi au Kampala yuko raha mustarehe. Ripoti yenyewe ilieleza sababu. Katika nchi hizi miongoni mwa wahamiaji wamo wataalamu wa kigeni wa muda, wenye mishahara minono, nao huupandisha wastani. Mtaalamu anayekaa Gigiri, analipwa kwa dola na kusomeshewa watoto, ametiwa kapu moja na Mrundi anayechuuza njugu katikati ya jiji. Wastani wa wawili hao haumwelezi hata mmoja wao.

Tumtazame huyo wa njugu, maana ndiye tunayempita kila siku. Nairobi imewazoea vijana wa Burundi wenye njugu za moto, na Wakongomani wanaotembea na vitenge vimekunjwa mabegani kutoka ofisi hadi ofisi, na vinyozi na mafundi cherehani wa Kayole na Kasarani. Wengi huwaona wakadhani hao ndio kiwango chao. Ukikaa nao utamkuta aliyekuwa mwalimu wa sekondari Bukavu, au muuguzi wa Uvira, au mtu aliyekatiza shahada mwaka wa tatu. Amesoma kwa Kifaransa, na vyeti, kama aliondoka navyo, vinataka kutafsiriwa, kuthibitishwa na kulinganishwa na vya Kenya kwa ada ambayo hana. Kama vilibaki nyumbani wakati risasi zinalia, basi ndiyo mwisho wa habari. Hakuna mtihani anaoweza kuukalia ili aonyeshe kwamba anayajua anayodai kuyajua.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi au biashara, na kushika taaluma yake ikiwa sifa zake zinatambuliwa na mamlaka husika. Ni maneno mazuri. Kibali chenyewe cha kazi, cha daraja M, hakilipiwi ada. Lakini anayekiomba hutakiwa awe na barua ya mwajiri aliye tayari kumchukua, na mwajiri naye, hasa mwenye duka au shule ndogo ya binafsi, hataki kuandika barua kwa mtu asiye na kibali, kwa hofu ya kuja kuulizwa na maofisa wa uhamiaji. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Mkimbizi aliye kambini ana fundo la ziada, maana hawezi kutoka bila hati ya kusafiria, na mwajiri wa Eldoret hawezi kumhoji mtu asiyeweza kufika Eldoret. Hata mwenye duka Kakuma huumizwa na hati hiyohiyo: bidhaa anazikosa kwa bei ya soko la mjini, anazichukua kwa bei ya mfanyabiashara wa kati anayeruhusiwa kwenda na kurudi. Faida yake inaliwa kabla hajaipata.

Na kumbukumbu za nyuma hazijafutika. Desemba 2012 serikali iliamuru wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Mahakama Kuu ikaitupa amri hiyo Julai 2013 kwa kuwa ilivunja haki zao. Miezi michache baadaye amri ikarudi kwa sura nyingine, na Aprili 2014 ikaja Operesheni Usalama Watch: maelfu wakakamatwa, wengi wao Wasomali, wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Aliyepita katika hayo hupenda kazi isiyohitaji kuandikishwa popote, anayoweza kuifunga kwa dakika tano na kuhamia mtaa mwingine. Uchuuzi unampa hilo. Hii nayo ni sababu ya kujiajiri, na haimo katika vitabu vya mafunzo ya ujasiriamali.

Kila tukisema haya hutajwa mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Ni kweli, Eastleigh ni ajabu ya haki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wasomali waliokimbia kuanguka kwa dola yao walikodi vyumba katika nyumba ya wageni iitwayo Garissa Lodge. Usiku walilala humo, mchana walitandika bidhaa wakauza. Vyumba vikawa maduka, nyumba ya wageni ikawa soko, na mtaa mzima ukafuata, mpaka leo wanunuzi wanatoka nchi jirani kuja kufungasha mzigo. Lakini waulize wazee wa mtaa huo biashara ilisimamaje. Watakutajia jamaa Wakenya wa Kisomali walioweza kutia saini mikataba ya pango, ndugu wa ng'ambo waliotuma fedha kwa hawala, na mali iliyotolewa kwa mkopo wa uaminifu, bila karatasi. Walikuwa na vitu hivyo vitatu, wakavitumia kwa akili na jasho. Mrundi wa njugu hana hata kimoja. Kumwambia aige Eastleigh ni kumtaka avune shamba alilopanda mwingine. Alicho nacho ni chama cha watu kumi wanaochangiana kwa zamu, kile ambacho Wasomali hukiita hagbad, Wahabeshi iqub na Wakongomani likelemba, na fedha za zamu yake zinatosha ndoo, sufuria na gunia la njugu. Haziwezi kukodi duka.

Hata hesabu ya mapato ya waliojiajiri tunaifanya kwa uvivu. Tafiti nyingi za pengo la ujira huwaacha nje, kwa sababu hawana hati ya mshahara, na zile zinazowahesabu huuliza tu kibanda kimeingiza kiasi gani. Kilichoingia si ujira wa mtu mmoja. Ndani yake mna faida ya mtaji uliokopwa, mna kazi ya mke aliyekaanga njugu usiku, mna kazi ya mtoto aliyefungasha kabla ya kwenda shule, au asiyekwenda shule kabisa. Mna na kanjo, askari wa jiji, aliyekula mbili tatu ili ndoo isitwaliwe. Toa hayo yote, kisha gawanya kinachobaki kwa saa za watu watatu wanaoamka kabla ya alfajiri, ndipo utajua huyo mjasiriamali anajilipa kiasi gani kwa saa. Tunaamini wengi wangekubali kazi ya mshahara wa kima cha chini kesho asubuhi.

Wapo wanaoshauri subira. Wanasema mgeni yeyote huanza chini, na miaka humpandisha. Ushauri huu una asili ya kitaaluma. Mwaka 1978 mwanauchumi Barry Chiswick alionyesha, kwa takwimu za sensa ya Marekani ya 1970, kwamba wanaume wahamiaji huanza na mapato ya chini, lakini baada ya miaka kati ya kumi na kumi na tano huwafikia wazawa na hata kuwapita. Mwaka 1985 George Borjas alimjibu. Alisema sensa moja huweka pamoja waliokuja zamani na waliokuja jana, na kwamba wa zamani huenda wana mapato makubwa kwa sababu walikuja na sifa tofauti na katika hali tofauti, si kwa sababu ya miaka tu. Alipoyafuatilia makundi kwa sensa mbili, kupanda kulikuwa kwa polepole zaidi. Mjadala wao ni mrefu na haujaisha. Kwetu funzo liko wazi. Kakuma ina zaidi ya miaka thelathini. Wapo waliozaliwa humo, wakasoma humo, wakafaulu mtihani wa Kenya humo, na leo wanafundisha humo kwa posho. Hao wasubiri nini tena?

Tugeukie Uganda, maana jirani huyu ana mengi ya kutufundisha. Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na ya kutembea, na makazi kama Nakivale hugawa kipande cha ardhi. Umaskini wa wakimbizi haujaondoka, na fedha za wafadhili zimekauka huko pia. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika ripoti yao ya mwaka 2014, walikuta kwamba Kampala asilimia 21 ya wakimbizi wana biashara iliyoajiri angalau mtu mwingine mmoja, na kwamba kati ya walioajiriwa humo asilimia 40 ni Waganda. Hicho ndicho kipimo tunachokipenda: biashara inayokua mpaka inaajiri mwenyeji. Inakua hivyo pale ambapo mwenyewe hakimbizwi, anaweza kufuata mali soko la Kikuubo akarudi, na ana jina linaloandikika kwenye leseni.

Wenyeji wana malalamiko, na si ya uongo. Februari 2023 wafanyabiashara wa Nyamakima na Kamukunji waliandamana Nairobi dhidi ya wageni wenye mitaji mikubwa wanaoingia rejareja. Dar es Salaam kilio cha Kariakoo kilikuwa kilekile, na Julai 2025 serikali ya Tanzania ikatoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Imo biashara ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa, imo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, uchimbaji mdogo, uongozaji watalii. Mgeni akikaidi hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni kumi za Tanzania, au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa kibali.

Uchungu wa mfanyabiashara wa Kariakoo tunauelewa. Mtu anayeagiza makontena kutoka kiwandani kwao kisha akauza moja moja kwa bei ya kiwanda anamaliza wa kati wote. Huyo awekewe masharti, ya mtaji, ya kodi, ya kuajiri wenyeji. Lakini amri ya namna hii inampiga kwa rungu lilelile kinyozi wa Kirundi wa Kigoma na fundi simu wa Kikongo. Hawa hawakuingia rejareja ili kumpiku mtu. Waliingia kwa sababu kazi ya mshahara ilikwisha kufungwa. Ukifunga na hii, umewaachia nini?

Mahakama ya Rufani ya Juu ya Afrika Kusini ililijibu swali hilo Septemba 2014. Polisi wa Limpopo walikuwa wamefunga mamia ya maduka ya Wasomali na Wahabeshi mwaka 2012, katika msako walioupa jina la Operation Hardstick, na serikali ikasema mkimbizi hana haki ya kufanya biashara. Majaji walikataa. Walieleza kwamba mtu asiye na njia nyingine ya kuishi akinyimwa na kujiajiri ananyang'anywa utu wake. Ni hukumu ya nchi ambayo wananchi wake wamewachoma wageni maduka na hata kuwaua, na haikuzima chuki hizo. Bado tungependa ikae kwenye meza ya kila waziri wa biashara wa Afrika Mashariki.

Mwenyeji anafaidika na nini mgeni akilipwa sawa? Faida anayo, na kubwa. Kijana wa Lodwar aliyetoka chuo cha ualimu akitafuta kazi kambini anakuta nafasi imezibwa kwa posho. Shirika lenye bajeti finyu litamchukuaje kwa mshahara kamili, na kuna mtu wa kuifanya kazi hiyo kwa robo? Ujira wa kumpunja mkimbizi unamnyima Mturkana kazi. Wakilipwa kiwango kimoja, mwajiri hana tena sababu ya kumpendelea yeyote ila kwa ujuzi wake. Vyama vya wafanyakazi vya Kenya vinapaswa kuwa mstari wa mbele katika hili, kwa maslahi ya wanachama wao wenyewe.

Na kuna jambo la aibu lisiloweza kupitwa kimya. Kenya na Uganda hupeleka dada zetu kwa maelfu kufanya kazi za ndani Saudia na nchi nyingine za Ghuba. Huko mshahara hufuata pasipoti. Ufilipino iliwawekea raia wake kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi mwaka 2006, na wengi wa dada zetu hulipwa chini ya hapo kwa kufua, kupika na kulea katika nyumba za aina ileile. Kwa mfumo wa kafala hawawezi kumwacha mwajiri wakaanza shughuli yao. Tunalalamika, na tuna haki. Qatar ilipoweka, Machi 2021, kima cha chini cha riyal 1,000 kwa wafanyakazi wote bila kujali uraia, wa majumbani wakiwemo, tuliipongeza hata kama utekelezaji una mashimo. Balozi wetu atazungumza kwa uso gani Riyadh juu ya ujira wa pasipoti, huku Kakuma tuna jedwali lake?

Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab kuwa miji ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi na kuhudumiwa pamoja. Tunauunga mkono. Ila mji una watu wenye mishahara, ndio wanaonunua kwenye vibanda. Tukiendelea na posho tutapata mji wa wachuuzi wanaouziana maji baridi. Tunataka waajiri wote kambini, wa serikali na wa mashirika, wapewe tarehe ya mwisho ya kulipa posho kwa kazi za ualimu na afya. Watasema fedha hazitoshi, na kwamba wakilipa sawa wataajiri wachache. Basi wawaambie wafadhili hivyo, wazi, na idadi ya madarasa yatakayobaki bila mwalimu iandikwe. Hadi sasa pengo hilo limefichwa kwa jasho la maskini, na mfadhili hajalazimika kuliona.

Kibali cha daraja M kiandikwe kwa jina la mtu, bila barua ya mwajiri, ili atafute kazi nacho mkononi. Asiye na vyeti apimwe kwa mtihani wa taaluma yake, na wizara za elimu na afya ziandae mtihani huo kwa Kifaransa pia, pamoja na mafunzo mafupi ya lugha ya kazi. Mwenye duka kambini apewe hati ya kusafiri ya mwaka mzima badala ya kuiomba kila safari.

Kisha liko suala la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwepo tangu Julai 2010, Burundi ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, na sehemu kubwa ya wakimbizi wasio Wasomali wala Wasudani wa Kusini wanatoka nchi hizo mbili. Sudan Kusini nayo ni mwanachama tangu 2016. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi wa nchi ya Jumuiya afaidi haki za Mkataba wa Jumuiya, za kufanya kazi na kuishi popote, kwa sharti kwamba auache kwanza ukimbizi wake. Maana yake ni hii: mwanamke aliyekimbia Kivu, akitaka kazi, aitupe hifadhi inayomzuia kurudishwa Kivu. Mkenya anayefungua duka Kigali hadaiwi sadaka ya namna hiyo. Bunge likirekebishe kifungu hicho ili haki za Jumuiya zimfikie mtu akiwa bado chini ya ulinzi wa sheria ya wakimbizi. Ni marekebisho ya sentensi moja, na wabunge wa sasa wana hadi uchaguzi wa Agosti 2027 kuyapitisha.